Hiyo LV ina nini ndani? Kujua mfumo wa faili ulioko juu ya LVM

Ilikuwa saa tano usiku, tarehe 13, seva ya watu wa hesabu imejaa mpaka pomoni na ritani za VAT mwisho wake ni tarehe 15. Mimi niko nyumbani Ntinda, Kampala, laptop juu ya mapaja, intaneti natoa kwa simu sababu umeme ulikuwa umekatika toka jioni. Nikasema hii kazi ndogo tu, VG (diski zilizounganishwa na LVM, programu ya Linux ya kugawa diski) ina nafasi kibao, naiongezea LV ya hesabu, yaani kipande chake, giga 100 nalala zangu. Nikaandika:

```
sudo lvextend -L +100G /dev/vg0/hesabu
```

Ikajibu vizuri kabisa, voliumu imeongezwa. Halafu nikafuatisha na ile amri ya kupanua mfumo wa faili ambayo vidole vyangu vimeizoea miaka yote:

```
sudo resize2fs /dev/vg0/hesabu
```

Hapo usingizi ukaisha.

```
resize2fs: Bad magic number in super-block while trying to open /dev/vg0/hesabu
Couldn't find valid filesystem superblock.
```

Hebu soma hayo maneno saa tano usiku uone moyo unavyoenda. Eti haioni supabloku (kile kipande chenye maelezo ya mfumo wa faili) yoyote ya maana. Mimi nilichoelewa ni kimoja tu: banange, nimeua hesabu za watu. Nikampigia jamaa yangu wa Arua, tulianza naye hii kazi, yeye kwenye LVM ana mkono mzuri kuliko mimi.

"Kaka, diski imekufa."

"Imekufa vipi? Ndani mna nini?"

"Mna hesabu!"

"Sikuulizi mafaili bana, nakuuliza mfumo wa faili. Ni ext4 hiyo?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimedhani tu ni ext4 kwa sababu seva zangu nyingine zote ni ext4, na hakuna mahali popote nilipokuwa nimeangalia. Akaniambia toa mikono kwenye kibodi, usiguse kitu, hasa usije ukaandika mkfs (hiyo inaunda mfumo mpya juu ya wa zamani), kwanza uliza. Sasa hii makala yote ni hilo swali lake, yaani unaulizaje, unamuuliza nani, na jibu utakalopewa uliamini kiasi gani. Maana ukitafuta utaambiwa amri saba nane tofauti na hakuna anayekuambia kwa nini leo zinakubaliana na kesho zinapingana.

Landilodi hajui una kitanda au sofa

Kampala vile vyumba vya kupanga, kimoja kimoja kwa mstari, tunaviita mizigo, na kimoja ni muzigo. Landilodi ana ploti zake mbili tatu, kaziunganisha, kapiga ukuta hapa na pale, akapata mizigo kumi. Muulize muzigo namba nne una ukubwa gani, anajua. Uko ploti ipi, anajua. Una mtu au uko wazi, anajua sana tu, hiyo ndiyo pesa yake. Lakini muulize ndani mna kitanda, au sofa, au mtu kageuza cherehani na anashona yunifomu za shule, hajui na hata si kazi yake. Ukitaka kujua lazima ufungue mlango uchungulie.

LVM ni huyo landilodi. Diski au patisheni unazompa ni PV, hizo ndizo ploti. Akiziunganisha zinakuwa VG. Halafu anakata LV, vyumba sasa, na kila LV unapewa kama kifaa chako mwenyewe, `/dev/vg0/hesabu` kwa mfano, ambacho kwa kerneli (kiini cha Linux) hakina tofauti na diski ya kawaida. Wewe ndiye unaamua uweke nini humo: ext4, XFS, Btrfs, swapu (nafasi ya kusaidia RAM), diski ya mashine pepe, au uache tupu. LVM haikuulizi na haiandiki kwenye daftari lake.

Ndiyo maana ukipiga `lvs` utaona jina, VG yake, saizi, na ile mistari ya ajabu kama `-wi-ao----`, lakini safu ya mfumo wa faili haipo. Watu huwa wanahangaika na `lvdisplay` wakidhani imefichwa mahali. Haijafichwa. Landilodi hana hiyo habari.

lsblk kwanza, mengine baadaye

Kwa kazi ya kila siku, asilimia kubwa ya wakati amri moja inatosha:

```
$ lsblk -o NAME,TYPE,FSTYPE,SIZE,MOUNTPOINT
NAME            TYPE FSTYPE        SIZE MOUNTPOINT
sda             disk             931.5G
├─sda1          part vfat            1G /boot/efi
├─sda2          part ext4            2G /boot
└─sda3          part LVM2_member 928.5G
  ├─vg0-root    lvm  ext4          100G /
  ├─vg0-swapu   lvm  swap            8G [SWAP]
  ├─vg0-hesabu  lvm  xfs           300G /srv/hesabu
  ├─vg0-zamani  lvm  ext4          150G
  └─vg0-posta   lvm                 60G
```

Hii ndiyo ilinitoka usiku ule na ukiiangalia tu mstari wa hesabu, xfs hiyo hapo, inanicheka. Ningeipiga dakika mbili kabla wala nisingeamsha mtu Arua. Ukipenda kifupi piga `lsblk -f`, inakupa pia UUID (namba ya kipekee ya utambulisho) na lebo.

Soma huo mti vizuri lakini. Pale sda3 pameandikwa LVM2_member, na hilo si jina la mfumo wa faili hata kama liko kwenye safu ya FSTYPE. Ni alama kwamba hii patisheni ni ploti ya landilodi. Nimeshaona watu wanajaribu kuimaunti (kuifungua ili mafaili yasomeke) hiyo sda3 moja kwa moja, kerneli inawajibu haijui mfumo wa aina ya LVM2_member, wanaanza kutafuta draiva kwenye intaneti. Hakuna draiva. Unamaunti chumba, humaunti ploti.

Pia safu ya TYPE na safu ya FSTYPE usizichanganye, TYPE inakuambia kifaa ni cha namna gani (diski, patisheni, LV), FSTYPE ndiyo ya ndani.

Na majina. Ubuntu seva ukiiweka kwa njia ya kawaida yenyewe hukupa VG inayoitwa ubuntu-vg na LV inayoitwa ubuntu-lv, lakini kwenye `/dev/mapper` utakuta `ubuntu--vg-ubuntu--lv`, vistari viwili viwili. Si makosa. Kistari kimoja ndicho kinachotenganisha jina la VG na jina la LV, kwa hiyo kama jina lenyewe lina kistari LVM inakiandika mara mbili ili isichanganyikiwe. Halafu chini kabisa kifaa halisi kinaitwa dm-0, dm-1, na kuendelea, hayo ndiyo majina utayaona kwenye logi za kerneli, `XFS (dm-2)` hivi. Kujua dm-2 ni nani piga `ls -l /dev/mapper`. Ila hizo namba zinaweza kubadilika mashine ikiwaka upya, kwa hiyo usiziandike kwenye fstab (faili la `/etc` linaloorodhesha vya kumaunti mashine ikiwaka) hata siku moja.

Sasa lsblk yenyewe imejuaje?

Hapa ndipo penyewe. Kuna mashahidi wanne, na kila amri unayoijua inamuuliza mmoja wao.

Wa kwanza ni kerneli. Kama LV imemauntiwa, kerneli inajua ni mfumo gani sababu yenyewe ndiyo inauendesha dakika hii. `df -Th` na `findmnt` zinauliza huku. Ukisikia `df -Th /srv/hesabu` inasema xfs, hiyo ni kweli, maliza. Tatizo lake ni kwamba haijui chochote kuhusu LV ambayo haijamauntiwa. Ile zamani hapo juu, giga 150 za ext4, kwenye df haionekani kabisa, na mtu anayetegemea df peke yake atasema hiyo nafasi haina kitu aifute.

Wa pili ni udev, programu ya Linux inayosimamia vifaa, ambaye ana daftari. Kifaa kikitokea anakichungulia mara moja, anaandika alichokiona. `lsblk` kwa kawaida inasoma hilo daftari, haiendi kwenye diski, ndiyo maana inakuwa haraka na hata mtumiaji wa kawaida bila sudo anapata majibu. Lakini daftari ni daftari tu, linaweza kuchelewa. Na ukiwa ndani ya kontena ambako udev hayupo utaona safu ya FSTYPE tupu kabisa ukadhani diski zimefutwa.

Wa tatu ni diski yenyewe, baiti zenyewe. Huyu ndiye wa kuaminiwa kwa LV ambayo haijamauntiwa, na unamuuliza hivi:

```
sudo blkid -p /dev/vg0/hesabu
```

Hiyo `-p` ina maana achana na kashe, nenda kasome mwenyewe. Bila hiyo, na hasa bila sudo, blkid inaweza kukupa habari ya jana iliyohifadhiwa. Mwingine wa aina hiyo ni `sudo file -sL /dev/vg0/hesabu`, ambapo `-s` inasema soma hata kama ni kifaa, na `-L` inasema fuata kiungo. Ukisahau L itakujibu kwamba hiki ni kiungo cha `../dm-2`, asante sana, hiyo nilikuwa naijua. Na kwa ext4 iliyomauntiwa `file` huwa inaandika kwamba jarida (kumbukumbu ya mabadiliko yanayoandikwa) linahitaji kurekebishwa, usishtuke, kwa mfumo unaofanya kazi sasa hivi hiyo ni kawaida.

Wa nne ni fstab, na huyo si shahidi, ni uvumi. Ni kitu mtu aliandika siku fulani. Nitarudi kwake.

Tuchungulie kwa macho yetu

Kila mfumo wa faili ukiundwa unaacha alama mahali pake maalum mwanzoni mwa kifaa, na blkid haina uchawi wowote, inajua tu pa kuangalia. Unaweza kufanya mwenyewe. Jamaa wa Arua ndiye alinifanyisha usiku ule, simu iko kwenye spika, betri ya laptop asilimia 31:

```
$ sudo hexdump -C -n 16 /dev/vg0/hesabu
00000000  58 46 53 42 00 00 10 00  00 00 00 00 03 20 00 00  |XFSB......... ..|
```

Angalia kulia: XFSB. Baiti nne za kwanza kabisa za LV, herufi za kusomeka na mtu, hiyo ni XFS inajitambulisha. Lakini usiishie hapo maana baiti 16 hizi zina hadithi nzima. Zinazofuata, `00 00 10 00`, ni saizi ya bloku, na 1000 ya heksa (hesabu ya msingi wa 16) ni 4096. Halafu baiti nane za mwisho ni idadi ya bloku, `03 20 00 00` ya heksa ni 52,428,800. Zidisha mara 4096. Unapata giga 200 kamili.

Giga 200, wakati lsblk inasema LV ni 300.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka yote nilikuwa nafanya bila kukielewa. LV ina saizi yake na mfumo wa faili una saizi yake, kila mmoja kaandika kwake, hawaulizani. Mimi nilibomoa ukuta nikapanua chumba, lakini mpangaji bado anaishi kwenye kipande chake cha zamani hajui kama ukuta umeondoka. Kwa hiyo hakuna kilichokufa. resize2fs ni chombo cha jamii ya ext, ilienda kutafuta alama ya ext ikakuta haipo, ikakataa kugusa. Ule ujumbe wa kosa ulionitoa jasho ulikuwa unanilinda.

Na alama ya ext iko wapi? Supabloku ya ext inaanza baiti ya 1024, na alama yake iko baiti 56 mbele, jumla 1080:

```
$ sudo hexdump -C -s 1080 -n 2 /dev/vg0/root
00000438  53 ef                                             |S.|
```

Baiti mbili tu, 53 na ef. ext2, ext3 na ext4 zote zinatumia hizo hizo, kwa hiyo kuzitofautisha blkid inabidi isome zaidi, iangalie sifa zilizowashwa, kama kuna jarida na kadhalika. Btrfs yeye supabloku yake iko mbali kidogo, inaanza kwenye kilobaiti ya 64. Swapu inaandika SWAPSPACE2 mwishoni mwa ukurasa wa kwanza wa baiti 4096. LUKS, ile ya kufunga diski kwa ufunguo, iko mwanzo kabisa kama XFS.

Dawa ya usiku ule ilikuwa mstari mmoja, na kwa XFS unaipa mahali ilipomauntiwa:

```
sudo xfs_growfs /srv/hesabu
```

Ikaniambia bloku zimetoka 52428800 zimekuwa 78643200. Zidisha mwenyewe, ni giga 300. Watu wa hesabu hawakujua kama kuna kitu kilitokea.

Kuna pia njia ya kivivu na mimi sasa natumia hiyo: `lvextend -r -L +100G /dev/vg0/hesabu`. Ile `-r` inaifanya LVM yenyewe ichungulie ndani, itambue ni ext au XFS, iite chombo kinachofaa. Lakini kujua bado ujue, kwa sababu siku ukitaka kupunguza mambo hayafanani. ext4 unaiondoa kwenye maunti, unaikagua, unaipunguza. XFS haipungui. Ukipiga `lvreduce` kwenye LV yenye XFS unamkatia mpangaji kitanda katikati akiwa amelala.

Utajiuliza ilikuwaje seva moja XFS na nyingine ext4 ofisi hiyo hiyo. Jibu ni chaguo la msingi la programu za kusakinisha. Ubuntu inakupa ext4. Upande wa Red Hat, toleo la 6 lilikuwa ext4, halafu la 7 mwaka 2014 wakahamia XFS, mfumo uliozaliwa kwa Silicon Graphics miaka ya 90, na Rocky na Alma wanafuata humo humo. Hiyo seva ya hesabu aliiweka mtu mwingine kabla yangu kwa Rocky, akabonyeza endelea, endelea, endelea. Ila ile LV ya mfumo wenyewe (`/`) kuwa ext4 maana yake hapo hakubonyeza endelea tu, alichanganya makusudi, sababu anaijua mwenyewe.

fstab na maneno ya watu

fstab inaonyesha aina ya mfumo kwenye safu ya tatu na watu wengi wanaichukua kama ukweli. Ina mambo mawili. Kwanza inaweza kuandikwa `auto`, hapo haikuambii kitu. Pili mtu anaweza kuwa aliunda upya LV kwa XFS akasahau kubadilisha fstab inayosema ext4, na kwa kuwa hajawasha upya mashine, kila kitu kinaenda sawa miezi mingi. Siku umeme unakatika, UPS inachoka, mashine inarudi, inajaribu kumaunti XFS kama ext4, inagoma, na wewe uko kwenye foleni ya Jinja Road kwenye boda. Mimi nikipokea seva ya mtu, kitu cha kwanza nalinganisha fstab na blkid mstari kwa mstari. Inachukua dakika tano.

Zile ambazo safu iko tupu

Rudi kwenye mti wa lsblk uangalie posta. Giga 60, safu ya FSTYPE haina kitu. Kijana wetu wa intanship aliiona hiyo akaniuliza, boss, hii si tupu tuifute tupate nafasi? Swali zuri, na jibu ni hapana, tupu kwenye lsblk si tupu kwenye diski. Tukapiga:

```
sudo blkid -p /dev/vg0/posta
/dev/vg0/posta: PTUUID="..." PTTYPE="gpt"
```

Haina TYPE, ina PTTYPE. Maana yake ndani ya hiyo LV hakuna mfumo wa faili moja kwa moja, kuna jedwali la patisheni, yaani ni diski nzima ya mashine pepe. Seva ya barua pepe ya ofisi, kwa taarifa yake. Mpangaji kaligawa chumba kwa pazia na ana wapangaji wake. Kutaka kuona zaidi, mashine pepe ikiwa imezimwa, unafanya `sudo kpartx -arv /dev/vg0/posta`, inakutengenezea vifaa vya kusoma tu kwa kila patisheni ya ndani, unapiga blkid kwenye hivyo, ukimaliza unaondoa kwa `kpartx -dv`. Mashine pepe ikiwa inafanya kazi usicheze nayo, ingia ndani yake uulize humo.

Sababu nyingine ya LV kutoonekana ni kwamba haijawashwa. Hapo hata kifaa chake kwenye `/dev` hakipo, blkid haina pa kusoma. `sudo lvscan` inakuonyesha zipi ziko hai na zipi hazipo hai, na kuwasha ni `sudo lvchange -ay vg0/zamani`. Kwenye ile mistari ya `lvs`, herufi ya tano ndiyo inasema: `a` imewashwa. Ya sita ikiwa `o` maana yake kuna kitu kinaitumia sasa hivi, basi kaa mbali.

Ukiona crypto_LUKS, ndani kumefungwa kwa ufunguo, mfumo wa faili uko chini yake na hutauona mpaka ufungue kwa `cryptsetup open`, hapo lsblk inaongeza tawi moja chini lenye TYPE ya crypt. Na pulu za aina ya thin (hifadhi ya pamoja ambamo LV nyingine zinakatwa) hazina mfumo wa faili wa kwao, usizitafutie, mifumo iko kwenye LV zilizozaliwa humo.

Snapshoti nazo zina mchezo wao. Snapshoti ni nakala ya LV kwa hiyo ina alama zile zile na UUID ile ile ya mama yake, blkid itakupa majibu pacha. ext4 inavumilia lakini XFS inakataa kumaunti vitu viwili vyenye UUID moja, unatakiwa useme `mount -o ro,nouuid`. Mimi hilo lilinipotezea mchana mzima kabla sijaambiwa.

Kalenda ya mpangaji wa zamani

Ukiingia muzigo mpya unaweza kukuta ukutani bado kuna kalenda ya aliyehama. LV ni vivyo hivyo. Ukifuta LV, LVM inafuta kwenye daftari lake tu, baiti zinabaki pale pale. Ukikata LV nyingine ikaangukia sehemu ile ile, lvcreate inachungulia kisha inakuuliza, imeona alama ya ext4 kwenye baiti 1080, ifute? Ile 1080 sasa unajua imetoka wapi. Kama uliikata hiyo LV kwa bahati mbaya juu ya kitu unachokihitaji, jibu hapana.

Kuna wakati alama mbili zinabaki pamoja na blkid -p inashindwa kuamua. Hapo unapiga `sudo wipefs /dev/vg0/zamani`, bila kuongeza chochote, inakuorodheshea alama zote ilizoziona na ziko baiti ya ngapi. Jina lake linatisha ila hivyo ilivyo haifuti kitu. Ukiongeza `-a` inafuta alama zote, kwa hiyo andika polepole.

Diski ya mashine iliyokufa

Hii huwa inatokea sana kwetu mafundi wa mtaani. Mtu anakuletea diski ya seva iliyoungua, unaichomeka kwa kebo ya USB kwenye mashine yako, na yako ni Ubuntu na yake ni Ubuntu, zote mbili VG inaitwa ubuntu-vg. LVM inachanganyikiwa ipi ni ipi. Unaangalia `sudo vgs -o +vg_uuid,pv_name`, unaipata ile ya mgeni kwa kuangalia iko kwenye diski gani, halafu `sudo vgrename` ukitumia UUID yake badala ya jina, unaipa jina kama mgeni, `sudo vgchange -ay mgeni`, na sasa blkid inafanya kazi kama kawaida. Ukimaliza kumbuka kurudisha jina, kama hiyo diski inarudi kwenye mashine yake haitawaka na jina geni. Na ukitaka kuchungulia mafaili bila kubadilisha hata baiti moja, `ro` peke yake haitoshi, kwa sababu mfumo unaweza kurudia jarida hata ukiwa wa kusoma tu. Kwa ext4 andika `ro,noload`, kwa XFS `ro,norecovery`.

Kwenye seva zenye LV nyingi siangalii moja moja. Naingia kama root nabandika hii:

```
lvs --noheadings -o lv_path | while read -r lv; do
  [ -n "$lv" ] && printf '%s\t%s\n' "$lv" "$(blkid -p -s TYPE -o value "$lv")"
done
```

Inazunguka kwa kila LV ya mashine, inasoma diski yenyewe, inatoa jina na mfumo wake. Palipobaki wazi ndipo pa kwenda na maswali ya PTTYPE na lvscan. Matokeo ya seva ile ya hesabu niliyachapisha, nikayabandika kwa selotepu ndani ya mlango wa kabati la seva, na pale kwenye xfs nikazungushia kalamu nyekundu.